Ukuta Wenye Vifungo

Kiherehere hakubandikwa jina hilo na adui. Alipewa na baba yake mzazi, tena kwa mapenzi, tangu akiwa mtoto wa kutambaa chini ya cherehani, anaokota vifungo na vipande vya uzi na kuvitia mdomoni kabla hujageuka. Sasa ni mama mzima, fundi wa samani mwenye karakana yake na wateja wake, na jina bado linamkaa vilevile. Wazo likimpanda kichwani, basi tena. Ataacha chai inapoa, ataacha mteja kwenye simu anaita halo, halo, yeye keshashika penseli anachora mezani, ukutani, hata kwenye kiganja cha mumewe.

Na mawazo yenyewe, loh! Nyumbani kwake hakuna kitu kinachokubali kuwa kitu kimoja. Stuli zake zinaingiana kama sufuria, ukizipanga unaona moja tu. Meza ndogo ya sebuleni ukiivuta pembe inajikunjua mpaka inatosha ukoo mzima. Kiti cha jikoni ukikibinua ni ngazi. Kioo cha ukumbini ukikisukuma, nyuma yake kuna pasi na ubao wake, vimetulia humo kama watoto wanaocheza kujificha. Mgeni wa mara ya kwanza hukaa kwa adabu sana, maana hajui alichokalia kitageuka nini.

Mumewe ni mchomeleaji, na watu wanamwita Taratibu. Hilo nalo ni jina la haki kabisa. Umwambie nyumba inaungua, atauliza kwanza moto umeanzia chumba gani. Lakini chuma akikikunja yeye kimekunjika, na bawaba akiifunga yeye hailii wala haichezi. Mmoja anakimbia, mwenzake anamshika shati, na katikati yao vinatoka vitu ambavyo watu husimama karakanani wakavitazama huku wanacheka peke yao.

Sasa sikia kilichowapata.

Baba yake Kiherehere, ambaye kila mtu anamwita Mzee tu, alikuwa fundi cherehani. Duka mbele, chumba cha kulala nyuma, na tangu mkewe afariki alikuwa akiishi humo kwa raha zake, redio upande huu, pasi upande ule. Ndipo mwenye jengo akaamua kulibomoa. Mzee akatakiwa kuhama. Dada yake, yaani shangazi yake Kiherehere, hakungoja kuulizwa. Ana nyumba kubwa mji mwingine, safari ya kutwa nzima, na chumba cha wageni kinakaa bure.

"Kaka yangu anakuja kwangu," akatangaza. "Atapumzika. Mambo ya cherehani basi. Ameshona vya kutosha."

Apumzike nani? Huyu Mzee huyu? Akikaa siku mbili hajashika kitambaa anaanza kukosoa mapazia ya watu. Kiherehere aliposikia habari hizo alilia, kisha akakasirika, kisha akapiga simu.

"Baba, njoo ukae kwangu."

"Kwako wapi, mwanangu? Kwenye ile stoo?"

Hapo Mzee alisema kweli. Nyumba ya Kiherehere ilikuwa na stoo moja tu ya kubahatisha, yenye dirisha zuri linaloangalia barabara, lakini finyu. Kitanda kikiingia, cherehani inabaki nje. Cherehani ikiingia na meza yake ya kukatia, Mzee atalala wima. Na sebuleni alishakataa kata kata. "Mimi si mzigo uliosahauliwa na mgeni," alisema. "Sitaki watu waninyatie wakienda jikoni."

"Basi nipe mpaka Jumamosi," Kiherehere akambembeleza. "Shangazi akija kukuchukua, mpitie kwangu kwanza uone."

"Nitakuja kuona. Ila elewa, nakuja kuona, siji kuhamia. Mizigo yangu itabaki garini."

"Na rula?"

"Na rula."

Lazima uijue rula hiyo. Ni ya mti mgumu, ndefu, nyembamba, imeng'aa kwa kushikwa, ncha zake zimevishwa shaba. Mzee alikuwa na desturi moja ambayo hajawahi kuivunja. Popote anapohamia, rula ndiyo huingia kwanza, kabla ya cherehani, kabla ya godoro, kabla ya mtu kuuliza vyombo viwekwe wapi. Ikishaegemezwa ukutani, hapo ndipo kwake. Ikitolewa nje, ujue kahama. Kwa hiyo Kiherehere alipokata simu alijua jambo moja tu. Rula ikipita mlango wake Jumamosi, baba anabaki. Isipopita, atakuwa anamwona kwa nadra, amekaa kwenye kochi la Shangazi mikono mapajani, anapumzishwa kwa nguvu.

Akaingia stoo. Akasimama katikati ya mbao na makopo ya vanishi, akazunguka mara moja, akatazama ule ukuta mrefu unaoanzia mlangoni mpaka dirishani.

"Weee!" akasema peke yake. "Kwa nini ukuta uwe ukuta tu?"

Futi yake ya chuma ilikuwa karakanani. Unadhani angeweza kungoja? Akaupekua mkoba, akatoa futi ya kitambaa ya Mzee, ile aliyopewa siku alipofungua karakana. Futi hiyo ina kilema chake. Kipande cha mwanzo hakipo, inaanzia moja kwa moja kwenye alama ya inchi ya kwanza. Mzee akiulizwa husema ilichakaa, na hakuwahi kununua nyingine. Katika ukoo wao kila mtu anajua kwamba ukipima kwa futi ya Mzee unapunguza inchi moja. Hata wakwe hufundishwa hilo mapema.

Kiherehere akapima, akapunguza kichwani, akampigia mumewe huku anarukaruka.

"Nimelipata! Nimelipata! Ukuta mzima, kutoka mlangoni mpaka dirishani, unajaa wote! Andika kipimo, nimepima kwa futi ya Baba!" Akamtajia.

"Kwa futi ya Mzee," Taratibu akarudia upande wa pili, anaandika. "Haya. Nimekuelewa."

Kazi ikaanza. Jamani, kazi! Karakana ile haijawahi kuona juma kama lile. Taratibu alichomelea fremu ya chuma, Kiherehere akaivisha mbao, akapiga randa, akapiga msasa mpaka nyusi zikawa nyeupe. Akiwa na drili mkononi anaimba, akiwa na gundi anacheka. Wateja walioulizia makabati yao waliambiwa wakae, watazame, watoe maoni. Mmoja alishika msasa mwenyewe na kusaidia, kwa sababu raha ya watu wale ilikuwa inaambukiza.

"Taratibu, mke wangu," mume alikuwa akisema. "Utajikata."

"Ningekuwa na muda wa kujikata ningejikata!"

Cherehani yenyewe alishaiomba mapema, kwa kisingizio cha kuitia mafuta. Shangazi alifurahi, akaona angalau dude moja limeondoka.

Jumamosi asubuhi wakavipandisha vipande nyumbani, wakaanza kuvifunga. Upande wa mlangoni fremu ikakaa sawa. Katikati sawa. Kifaa cha pima maji kikasema sawa. Kiherehere akasogea dirishani kupiga skrubu za mwisho, na hapo mkono ukasimama hewani.

Kati ya kabati na ukuta wa dirishani palikuwa na ufa. Ulisimama wima kutoka sakafuni mpaka juu, mwembamba, mnyoofu, mwanga wa barabarani unapita humo bila haya.

"Taratibu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Njoo."

Taratibu akaja, akatazama. Akaingiza kidole. Akakitoa, akakitazama kidole.

"Inchi moja," akasema.

"Naona ni inchi moja! Imetoka wapi?"

"Si ulisema umepima kwa futi ya Mzee? Nikapunguza."

"Ukapunguza nini? Nilishapunguza mimi!"

"Hukusema umepunguza."

"Nani asiyejua kwamba napunguza? Nimepunguza maisha yangu yote!"

"Na mimi tangu nikuoe napunguza," Taratibu akasema kwa upole, na kusema na ukweli hakuna aliyekuwa na kosa kumzidi mwenzake. Kila mmoja alikuwa mwangalifu. Uangalifu wao ndio uliowaponza.

Kiherehere akakaa sakafuni. Ufa kwa mtu mwingine ni ufa tu. Lakini anayekuja ni Mzee, mtu anayeona mshono uliokwenda upande kutoka ng'ambo ya barabara, mtu aliyewahi kumrudisha bwana harusi kutoka mlangoni mwa ukumbi kwa sababu mkono mmoja wa koti umezidi kidogo. Maisha yake yote alikuwa akisema kazi ya haraka ni kazi ya mtu asiyekuheshimu. Na sasa atakuja kuona amefanyiwa kazi ya haraka na mwanawe mwenyewe.

"Tutatia ubao mwembamba," Taratibu akasema. "Nikienda karakanani nikarudi..."

Mlango ukagongwa.

"Hodi wenyewe! Tuna safari ndefu!" Hiyo ilikuwa sauti ya Shangazi, na Shangazi hagongi mlango mara mbili.

Kiherehere akaruka juu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaegemea kabati upande wa dirishani, mgongo umeziba ufa, mikono nyuma, tabasamu limemkaa usoni kama la kuazima.

"Wewe ndiye utakayeonyesha," akamnong'oneza mumewe.

"Mimi? Mimi sijui kuongea."

"Leo utajua!"

Wakaingia. Shangazi mbele na mkoba wake mkubwa, Mzee nyuma, amevaa koti lililopigwa pasi mpaka likaogopesha. Mikono ilikuwa mitupu. Kiherehere aliona hilo kwanza. Kupitia mlango wa mbele uliobaki wazi aliiona rula, imefungwa kwenye kitambaa, imeegemezwa ukuta wa korido, nje. Hata garini haikuachwa, Mzee hakumwamini mtu. Lakini ndani haikuingia.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Mbona umeganda hapo?" Shangazi akauliza.

"Nimechoka kidogo."

"Wewe?" Shangazi akamtazama kwa mashaka. Tangu azaliwe hajawahi kumsikia akisema neno hilo.

Taratibu akakohoa. Akafuta mikono kwenye suruali. "Baba," akaanza. "Huu ni ukuta."

"Tunaona, mkwe," Shangazi akasema.

"Basi... si ukuta." Akanyoosha mkono akashika kifungo.

Maana ukuta mzima ulikuwa umepambwa vifungo, vifungo vya mbao vikubwa kama visahani, kila kimoja kina matundu manne na kamba nyekundu imepita humo kama uzi. Akavuta cha kwanza, ikatoka droo. Ndani kulikuwa na vishimo vya mviringo, kila rangi ya uzi ina kiota chake. Akavuta cha pili, likatoka pipa jembamba la kusimamishia majora ya vitambaa. Akavuta cha tatu, kikashuka kibao kidogo chenye chaki, mkasi na subana ya kuvaa kidoleni, kila kimoja kimechongewa umbo lake, huwezi kukirudisha pasipo pake hata ukitaka.

Shingo ya Mzee ilirefuka.

"Hii taa," Taratibu akasema, na mtu angeapa kwamba sauti yake inaanza kuchangamka. Alikuwa ameikunja mwenyewe. Ilikuwa sindano ya chuma, ndefu kumpita Shangazi, imesimama kwa ncha, na waya mwekundu wa umeme umepenya kwenye tundu la sindano na kuning'inia upande wa pili na balbu yake. Akaiwasha.

"Ala!" Shangazi akaweka mkoba chini. "Umeme umetungwa kama uzi! Kaka, umeona? Umetungwa!"

"Nimeona, dada. Nina macho."

"Na koti lako, Baba, unatundika hapa," Taratibu akaendelea, sasa amepata moto kabisa, akaonyesha pini ya chuma kubwa kama mkono wa mtu, ile pini ya kujifungia nguo, inafunguka na kufunga. Shangazi akaifungua. Akaifunga. Akaifungua tena. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Kitanda kiko wapi?" Mzee akauliza. Hakucheka. Alikuwa anatazama kila kitu kwa jicho lake la dukani, jicho la kutafuta uzi uliolegea, na kila linapokaribia dirishani Kiherehere anajibana zaidi.

Taratibu akabonyeza, kitanda kikashuka kutoka ukutani, polepole, bila kelele, kikatua kama mtu anayekaa kwenye kiti cha mwenyewe. Godoro limo, mto umo. Mzee akalibonyeza godoro kwa vidole viwili.

"Na ukishaamka, kinapanda." Akakisukuma kwa mkono mmoja, kikarudi. Mahali pake pakabaki ubao laini, na juu tu ya ubao picha ya marehemu mama yake Kiherehere, fremu yake pana imeuzunguka na ubao wenyewe. Mzee akamtazama mkewe. Akavua kofia.

"Sasa Baba, vuta fremu."

"Nivute fremu ya picha? Ianguke?"

"Wewe vuta."

Mzee akavuta, na jamani! Fremu ikafunguka ikawa miguu, ubao ukashuka ukawa meza, meza ya kukatia, ndefu, nyoofu, kimo chake hasa, kimo cha mtu anayekata kitambaa akiwa amesimama na mgongo usimuume. Picha ikabaki pale pale ukutani, mama anawaangalia kutoka juu ya meza kama alivyokuwa akiwaangalia dukani.

"Hee!" Shangazi akapiga kofi. "Hee! Jamani mimi sijawahi!"

"Bado," Taratibu akasema. Huyu mtu! Sasa alikuwa anakatisha watu maneno. "Kanyaga hapo, Baba. Chini ya dirisha."

Mzee akakanyaga pedeli. Kifuniko cha sanduku la dirishani kikafunguka, na cherehani yake, ile ile nyeusi yenye mkwaruzo begani, ikapanda kutoka ndani, taratibu kama anavyopenda aliyeitengeneza, ikasimama kwenye mwanga wa barabara. Imetiwa mafuta, na uzi umeshatungwa.

Mzee akaweka kiganja juu yake. Midomo ikamcheza. Kiherehere akamwona, akataka kupiga kelele, akataka kuruka, akataka kumkumbatia, na hakuweza kuondoka pale alipo hata hatua moja.

Kisha Mzee akageuka.

"Sasa wewe," akamwambia mwanawe. "Umefanya kazi yote hii na hujanionyesha hata kifungo kimoja. Kiherehere wangu, kimya, ukutani. Kwani unaumwa?"

"Hapana, Baba."

"Basi unaficha. Miaka yote hiyo nimewapima watu. Mtu aliyechanika nguo husimama hivyo hivyo ulivyosimama." Akamwashiria kwa kidole. "Sogea."

"Baba..."

"Sogea, mwanangu."

Akasogea. Mwanga ukaingia kupitia ufa, mstari mwembamba ukalala sakafuni hadi kwenye viatu vya Mzee. Mzee akachuchumaa, akatazama ufa kutoka chini hadi juu. Akapitisha ukucha.

"Imepwaya," akasema.

"Naomba unisamehe," Kiherehere akasema, na machozi yakaanza. "Nilikuwa na haraka. Nilitaka ubaki. Wazo lilikuja na futi ya chuma sina, nikapima kwa hii, nikapunguza, na yeye akapunguza, hatukuambiana. Ni inchi moja tu, Baba, lakini najua. Najua ulivyo. Nitaiziba. Nitaifanya upya yote ukitaka." Akaitoa futi ya kitambaa kwenye mfuko wa aproni, ikaning'inia mkononi.

Mzee akaitazama futi hiyo. Akaitazama ncha yake iliyokosa kipande. Akasimama, magoti yakalia, akageuka, akatoka chumbani.

Wakazisikia hatua zake ukumbini. Wakasikia mlango wa mbele ukisukumwa.

"Basi," Shangazi akasema kwa sauti ya chini, na ajabu ni kwamba hakuonekana kufurahi. Akauokota mkoba. "Basi, mwanangu. Umejitahidi. Mungu anaona."

Kiherehere akafunika uso. Taratibu akamshika bega, maneno yake yote alishayatumia.

Hatua zikarudi.

Mzee akaingia na rula. Alikuwa ameifungua kitambaa chake, kitambaa kimetupwa begani. Akapita katikati yao bila kumtazama mtu, akafika dirishani, akaisimamisha mbele ya ufa, akaisukuma. Rula ikaingia. Ikateleza ndani kwa sauti ndogo ya mti kwa mti, ikakaa humo wima, haikubana wala haikuyumba, shaba ya juu ikachungulia tu ya kutosha kuishika kwa vidole viwili. Mwanga ukakatika sakafuni. Mzee akaivuta nje, akairudisha. Akaivuta tena, akairudisha tena, kama Shangazi na ile pini.

"Unajua kwa nini futi yangu haina inchi ya kwanza?" akauliza, bado amewapa mgongo.

"Ilichakaa," Kiherehere akajibu, na pua imeziba.

"Hivyo ndivyo ninavyowaambia wateja. Uliila wewe."

"Niliila?"

"Ulikuwa unaota meno. Nilikuwa nampima bwana mmoja mnene, nageuka, futi iko mdomoni mwako na umetulia tuli, unatafuna. Mama yako akataka kuitupa. Nikamwambia iache." Akageuka. Macho yalikuwa yamelowa na alikuwa anacheka, vyote kwa pamoja, na hakujisumbua kuficha hata kimoja. "Niliikata pale ulipotafuna na nikaendelea nayo. Kila nikipima mtu napunguza inchi moja, na kila nikipunguza nakukumbuka ulivyokuwa. Sasa wewe na mumeo mmepunguza mara mbili, na inchi ile imebaki hapa. Mmenirudishia."

Kiherehere akamrukia. Nusura waangushe sindano ya taa. Taratibu akawahi kuishika, maana siku hiyo alikuwa mwepesi kupita kiasi, na Shangazi akabaki amesimama mlangoni na mkoba wake, anafuta macho kwa ncha ya mtandio, anagombana na hewa.

"Na mimi chumba changu nimeshakipaka rangi!" akasema. "Nimetandika shuka mpya! Sasa nani atalala humo?"

"Utalala wewe, dada, uwe unahamahama vyumba," Mzee akamwambia juu ya bega la mwanawe. "Na kabla hujaondoka, lete hilo gauni lako. Pindo limekwenda upande. Nimeliona tangu garini, nikajizuia."

"Kaka! Tuna safari!"

"Una safari wewe. Kaa." Akakanyaga pedeli kuipandisha cherehani kidogo zaidi, akavuta kifungo cha kwanza kutafuta uzi unaofanana na gauni, akaupata mara moja kwenye kiota chake. Shangazi akatafuta pa kukaa. Kiherehere akakimbia sebuleni, akarudi na stuli, akazichomoa moja kutoka tumboni mwa nyingine, huku anaongea bila kupumua kuhusu kabati la pili ambalo limemjia sasa hivi, la ukumbini, lenye milango inayofungwa kwa zipu.

"Na huo ufa," Mzee akamwambia Taratibu, anatunga uzi, "asije mtu akauziba."